Biskuti Zisizo na Ngano

Mimi ni miongoni mwa watu wachache wa Karatu waliowahi kuandikiwa biskuti na daktari. Si vidonge, si sindano, biskuti. Nilikuwa sijaanza darasa la kwanza, tumbo limenivimba, miguu imebaki mifupa, na kila nilichokula kilipita mbio bila hata kunisalimu. Majirani walikwisha kutoa maoni yao yote: minyoo, jicho la mtu, maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Nilinyweshwa mizizi ya kila rangi, na yote ilikuwa michungu.

Baba alikuwa dereva wa lori. Safari moja ya kupeleka saruji Wasso akanipakia mbele, kati yake na utingo, tukapanda msitu wa Ngorongoro, tukashuka upande wa pili kwenye vumbi, nikitapika kwa vipindi. Kule hospitali kulikuwa na daktari mgeni, mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Akanibonyeza tumbo, akauliza mtoto anakula nini. Baba akataja ugali, makande, chapati na maandazi. Mimi nikaongeza mwenyewe, kwa fahari, kwamba natafuna ngano. Watoto wote wa kwetu tulitafuna: unaokota punje mbichi shambani, au barabarani zilipomwagika kutoka kwenye malori, unazitafuna bila kumeza mpaka zinakuwa ubani. Mimi nilikuwa bingwa, nilianza asubuhi nikaacha usiku.

Daktari akajipiga paja. "Hapana ngano!" akasema. "Mwaka moja, nafaka yote hapana. Ngano, hapana kabisa, maisha."

"Sasa atakula nini?" baba akauliza. Haki yake kuuliza, maana nyumba yetu ilikuwa imezungukwa na mashamba ya ngano pande tatu, na upande wa nne ilikuwa barabara.

Daktari akatazama dirishani kidogo. Nadhani alimkumbuka mama yake. "Biskuti," akasema. "Biskuti bila nafaka. Nzuri sana."

Baba alikuwa mtu wa kutii wakubwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyakariri maneno ya daktari ili yasimponyoke, na kila tulipopita kwenye shimo aliyaanza upya.

Nyumbani tulikuwa tukiishi na bibi, mama yake baba, aliyehamia kwetu kutoka Endamarariek. Lugha yake ilikuwa Kiiraqw. Kiswahili alikuwa akikipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa kuwa miaka ile wazee wote walipelekwa darasani, wapende wasipende. Bibi alipenda. Kila neno jipya alirudi nalo nyumbani na kulifanyisha kazi mpaka lichoke. Alipofundishwa "dirisha," hatukupumzika: fungua dirisha, funga dirisha, nani kasimama dirishani? Nyumba ilikuwa na dirisha moja tu.

Siku moja mwalimu wao aliwaambia kwamba zile hadithi za fisi na sungura wanazowasimulia wajukuu zina jina lake la heshima katika Kiswahili. Zinaitwa ngano. Bibi alirudi kifua mbele. Kumbe alikuwa tajiri na hajui! Tangu siku hiyo hakusema tena njoo nikusimulie. Alisema, "Njoo nikupe ngano." Mama alimsikia, lakini kwa kuwa jioni bibi alikuwa pia na tabia ya kunimegea andazi lake, mama alidhani ndilo hilo analoliita ngano.

Na ile ngano ya shambani? Bibi hakuwahi kuiita kwa jina hilo maisha yake yote. Aliiona mara ya kwanza kwenye mashamba ya walowezi akiwa msichana, akaiita kwa Kiiraqw majani ya mzungu, na hivyo ndivyo ilivyobaki. Unga wake ulikuwa unga wa majani ya mzungu, andazi lilikuwa andazi tu.

Basi jioni tuliyorudi kutoka Wasso, baba alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akayatoa maneno ya daktari kwa Kiswahili vilevile yalivyokuja, maana aliona dawa ikitafsiriwa itapungua nguvu.

"Nafaka zote, marufuku," akasema. "Na hasa ngano. Ngano ndiyo iliyomvimbisha tumbo."

Bibi aliweka chini kikombe chake. "Nafaka nimeelewa," akasema, naye kwa Kiswahili, kwa kuwa jambo lilikuwa zito. "Na ngano pia?"

"Ngano ndiyo hasa, Mama."

"Hata kidogo? Jioni, kabla ya kulala?"

"Hata kidogo."

"Hata ya zamani?"

"Ya zamani ndiyo mbaya kabisa," baba akasema. "Ina fukusi."

Bibi akanitazama tumbo, akatazama mikono yake. "Na mimi nilikuwa nampa kila siku," akasema. "Nikimaliza moja anataka nyingine."

"Hukujua, Mama. Nani angejua?"

Nikimkumbuka bibi pale na kikombe chake, hadi leo natamani kuingia katika mazungumzo yale nikapige meza. Lakini nilikuwa mtoto, na nilikuwa na shida yangu. Usiku wa kuamkia safari bibi alikuwa ameanza kunisimulia habari za fisi aliyekwenda kuposa. Fisi alikuwa amejifunga lubega kuficha mkia, amefika mlangoni kwa wakwe, amekaribishwa ndani, na alipoinama kukaa mkia ukaanza kuchomoza. Hapo bibi akasema mengine kesho, mtoto ana safari. Sasa nilikuwa nimesafiri, nimetapika, nimerudi. Nikamsogelea nikauliza, "Ama, ule mkia?" Ama ndivyo tunavyomwita bibi kwetu.

Bibi aliniziba mdomo kwa kiganja. Akainuka, akaenda kulala bila kuniaga.

Mama alianza kazi ya biskuti kesho yake. Aliwahi kufanya kazi jikoni kwa masista, akajua kuoka biskuti zilizosifiwa mpaka Mbulu, lakini zote zilikuwa za unga wa ngano. Kumwambia mama aoke biskuti bila ngano ilikuwa ni kumwambia fundi ajenge nyumba bila ukuta. Hata hivyo, agizo la hospitali ni agizo. Unga wote ulitolewa nje ukagawiwa majirani. Waliupokea kwa huzuni ya kinafiki.

Alianza na viazi mviringo. Akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya bati, akavitwanga, akachekecha, akakanda kwa yai. Tanuri letu lilikuwa sufuria kubwa lenye mchanga chini, makaa juu ya kifuniko. Biskuti zilitoka zinang'aa, unaweza kujitazama. Mbuzi alizinusa akaondoka.

Akaja na ndizi mbichi ambazo baba alizileta kutoka Mto wa Mbu. Unga wa ndizi ulitoa biskuti nyeusi, ngumu, na simwonei baba, naapa aliwahi kuweka moja chini ya tairi la lori kwenye mteremko, na lori likatulia. Mama hakucheka. Akageukia mbaazi, zilizokuwa tele, na ili ziumuke akatia magadi. Akatia mengi. Nilikula mbili nikacheua povu, na kwa muda fulani watoto wa jirani walinifuata wakiniomba nicheue tena.

Mimi nilikula zote. Nilizila zile za kung'aa na zile za kushikilia lori, asubuhi na jioni, kwa kuwa nilikuwa nimepiga hesabu ya kitoto: bibi amenyamaza kwa sababu naumwa, nikipona atasema. Niliogopa kitu kingine pia, na nitakisema wazi. Niliogopa kwamba amenichoka.

Maana bibi alikuwa amebadilika. Hakunisimulia chochote, wala hakuruhusu mwingine anisimulie. Baba akirudi safari, akianza zile habari zake za tembo aliyelala katikati ya barabara, bibi alimkemea: "Wewe! Mtoto yupo!" Redio ikifika kwenye kipindi cha hadithi, aliizima. Baba akadhani anaonea uchungu betri.

Kituko hasa kilikuwa jikoni, kwa sababu mama alikataa kupeleka mbaazi mashineni, ambako ngano nayo husagwa, akamwomba bibi atumie jiwe lake la kusagia alilokuja nalo kutoka Endamarariek. Bibi alikubali mara moja. Alitaka kunitibu kuliko mtu yeyote.

"Mama, hilo jiwe halina ngano?" mama akauliza.

"Jiwe halisemi," bibi akajibu.

Mama akaona ni methali, akaheshimu. Bibi akajifunga kanga mdomoni, akapiga fundo kisogoni, ndipo akaanza kusaga. Alikuwa amezoea kusaga huku akisimulia, miaka yote, na aliogopa mdomo utamponyoka ngano ziingie kwenye unga. Mama aliona ni usafi wa hali ya juu, vumbi lisipeperuke. Akaona aibu, naye akajifunga kanga yake. Wakasaga na kukanda hivyo, wamefungwa midomo, wakionyeshana vitu kwa vidole. Jirani aliyekuja kuomba kibiriti aliwaona kutoka mlangoni, akadhani kuna maradhi ya kuambukiza, akaenda zake bila kibiriti.

Kisha akaja mama wa samli. Huyu alikuwa Mmasai aliyeteremka kutoka juu Ngorongoro siku za mnada, na mama alikuwa akichukua samli kwake, kwa kuwa biskuti za mbaazi bila samli hazimezeki. Aliketi uani na kibuyu chake, tukasalimiana kwa Kimasai, takwenya, iko, akaniona nilivyokonda, akataka kunichangamsha.

"Unajua simba aliingia bomani kwetu?" akaniambia. "Basi huyo simba..."

"Usimpe mtoto ngano!" bibi akapiga kelele kutoka jikoni, akiteremsha kanga kidevuni.

Mama wa samli akatazama mikono yake. "Sina ngano, yeyo," akasema, yaani mama kwa Kimasai. "Nina samli."

"Nimekusikia. Ulikuwa unataka kuitoa."

Yule mama, mtu wa heshima, akafungua kibuyu akamnusisha. "Samli tupu. Ngano nitoe wapi? Kule kwetu imekatazwa."

Alisema kweli. Miaka ile kulima ndani ya hifadhi kulikuwa kumepigwa marufuku, na watu wa mifugo walijua hilo vizuri.

Bibi akasogea. "Imekatazwa? Na nani?"

"Serikali."

"Kote? Ngorongoro yote?"

"Yote mpaka msituni. Ukikutwa nayo unashikwa."

Bibi akakaa chini palepale, juu ya kuni. "Serikali nayo," akasema polepole. Mpaka saa ile nadhani alikuwa na tumaini dogo kwamba daktari amekosea. Sasa aliona jambo limefika mbali, wazee wa mlima mzima wamenyang'anywa ngano zao, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki akizigawa hovyo kwa mtoto mgonjwa. Mama akanunua samli akashukuru kwamba hata serikali imeona ubaya wa ngano.

Samli ndiyo iliyotuokoa. Mama alichanganya mbaazi zilizoloweshwa na kumenywa maganda, pamoja na unga wa muhogo ambao baba aliuokoteza njiani, akatia yai, samli, na asali badala ya sukari, kwa kuwa sukari ilikuwa imekuwa ndoto. Magadi akaweka mbali. Biskuti zikatoka kahawia, zimepasuka kidogo juu, na nyumba ikanukia mpaka barabarani. Ngumu bado zilikuwa ngumu, lakini ukiweka moja shavuni ikalowa, ilikuwa na utamu. Tumbo langu likaanza kushuka. Nikawa nalala bila kuamka. Watoto wa jirani wakaanza kushika matumbo yao mbele ya mama zao, wakilia kwamba nao wanaumwa biskuti.

Kwa hiyo nilikuwa napona, na bibi alikuwa hasemi. Kila nilipouliza habari za mkia aliona ni ugonjwa unaniita tena, akatoka nje. Mama alidhani bibi amekasirika kwa kuwa hapikiwi maandazi. Akamtengea biskuti zake mwenyewe. Bibi alizichukua, akanipa mimi.

Aliyefunua mambo ni mwalimu wa kisomo. Alikuja mchana mmoja kwa baiskeli, kijana mwenye suruali pana chini, akakaribishwa uani, akapewa chai na biskuti mbili.

"Nimemfuata bibi," akamwambia mama. "Ndiye mwanafunzi wangu bora. Tulipofika somo la ngano akasimama akatoka, na hajarudi."

Bibi alikuwa mbele ya jiwe lake. "Nina mgonjwa nyumbani, mwalimu," akasema. "Siwezi kurudi na ngano mwilini."

"Ni kweli, mwalimu," mama akadakia. "Hata vumbi lake linamdhuru mtoto."

"Vumbi la ngano?"

"Daktari amekataza kabisa."

"Na kule Ngorongoro," bibi akaongeza, "serikali inashika watu."

Mwalimu aliitia biskuti mdomoni, akaitafuna kwa muda mrefu. Hakuwa na namna nyingine. Labda ndiyo iliyompa nafasi ya kufikiri. Alipofanikiwa kumeza, akakaa kama anavyokaa darasani, akasema, "Bibi. Ngano ni nini?"

Bibi akasimama, mikono nyuma, kama walivyofundishwa. "Ngano ni hadithi za kale ambazo wazee huwasimulia wajukuu."

"Vizuri, kaa. Na wewe, mama, ngano ni nini?"

Mama akamtazama kwa huruma, akainua mwiko, akauelekeza ng'ambo ya barabara, ambako shamba lilikuwa limeiva, kahawia mpaka linapopinda na kilima. "Si hiyo hapo, mwalimu? Nayo ni swali?"

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka chembe za biskuti ya pili zikampalia. Mama akachelewa kidogo, akakumbuka kanga za midomoni, akamkumbuka mama wa samli, akaketi chini akiwa na mwiko wake akacheka machozi. Mimi nikacheka kwa kuwa wao wanacheka.

Bibi hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara.

"Yale majani?" akauliza.

"Ndiyo, Mama," mama akasema, akijifuta. "Yale."

"Yale majani ya mzungu ndiyo ngano?"

"Ndiyo hayo."

"Kwa hiyo si zangu," bibi akasema. "Zangu hazikumfanya kitu."

Mama akaacha kucheka. Nadhani ndipo alipoelewa kimya cha miezi yote ile kilikuwa cha nini. Bibi aliketi kwenye kigoda chake akajifunika uso kwa kanga ileile aliyokuwa akijifungia mdomo, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa babu nilisimuliwa kwamba alibaki akihesabu mbuzi. Mwalimu akainuka taratibu, akachukua baiskeli yake, akaondoka akiisukuma bila kupanda.

Baadaye bibi alipenga kamasi, akaniita kwa mkono. "Njoo nikupe ngano," akasema.

"Mama, jua bado liko juu," mama akamkumbusha. Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Tuliambiwa ukisimulia mchana ng'ombe hawarudi.

"Watarudi," bibi akasema. "Nataka mwanga."

Akanilaza mapajani pake, akanifunua shati, akaniwekea kiganja tumboni. Kiganja kilikuwa kikavu kwa unga wa mbaazi. Ndipo akaanza, pale pale tulipoachia. Mkia umechomoza, mama mkwe ameuona, anataka kupiga yowe. Fisi, kwa haraka ya kuficha, anaomba chakula. Mama mkwe anamletea biskuti.

"Biskuti gani?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Za mbaazi," bibi akasema. "Fisi huyo amevunja mifupa ya nyati tangu utoto wake. Akaitia biskuti mdomoni, akauma. Jino likabaki ndani ya biskuti."

"Mama!" mama akalalamika.

Bibi akamwacha fisi hapo. Nilidhani amemwogopa mama, lakini alikuwa anabonyeza. "Limevimba?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Halijavimba, Ama."

Akasogeza kiganja, akabonyeza upande mwingine, akasubiri. Akaendelea sentensi mbili, akasimama tena kubonyeza. Ilikuwa safari ndefu kwa fisi yule, na bibi hakukimbiza hata hatua moja. Ng'ombe walirudi wote, wakapita uani, wakatukuta tungali hapo. Fisi alifika kwao bila mke na bila jino, na mkono wa bibi ulikuwa bado tumboni kwangu.